Kasha Halikufunguliwa

"Hivi, Afande, siri ikishaingia humo ndani huwa inakula nini?"

Nyanjige, jirani yake Sajenti Milembe, aliuliza hivyo siku Kasha lilipoteremshwa kwenye lori mbele ya hospitali ya misheni, na watu waliosimama pale wakacheka. Akaongeza, "Maana kitu chenye uhai kisipolishwa, si kitatoka chenyewe kutafuta malisho?"

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika Bariadi, kila mmoja na mizani yake na lori lake, watu wakasema soko huria limefika. Kasha nalo lilifika na watu wa mradi. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya majivu, kimo cha mbuzi, likila jua kwa waya kutoka kwenye kioo kilichopigiliwa juu ya bati. Na lilikuwa linasema. Lilisema Kiswahili cha pwani kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, na mtu wa Bariadi akilisikia alijiona kama amekemewa na mwalimu. Kazi yake ilikuwa moja: kutunza majina na majibu ya wote waliopimwa UKIMWI. Hakuna kilichoandikwa mahali. Kasha lilisikia, likatunza, na halikufunguka ila kwa sauti za watu wawili waliosimama mbele yake pamoja, kila mmoja na neno lake la siri. Watu hao walikuwa Daktari Deogratias na nesi Winnie.

Sasa hakuna aliyecheka tena. Mabula, kijana mwenye bucha pale sokoni, alikuwa amesimama mbele ya meza ya Milembe kituoni, na shati lake lilikuwa safi, shati la mchinjaji ambaye hajachinja.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kama anavyoamkiwa mama.

"Mwangaluka, baba. Keti."

Hakuketi. "Nimekuja kulishitaki lile sanduku."

"Limekufanya nini?"

"Limesema nina mdudu."

"Ulilisikia?"

"Mji mzima umelisikia, kasoro mimi. Nyama yangu inaning'inia mpaka nzi wanaichoka. Baba mkwe alikuja kutoka Kimali, akamchukua Martha na mtoto. Leo wamerudi kubeba vyombo vyake. Lori la pamba linaondoka jioni, watapanda hilo. Sufuria za mke wangu zikishapanda lile lori, mayu, sina mke."

Milembe alichukua kalamu. "Ulipimwa lini?"

"Ndiyo maana nashitaki. Sijapimwa. Mlango ule sijawahi kuukanyaga. Linanisemaje na halinijui?"

Milembe aliiweka kalamu chini. "Hujawahi kabisa? Hata kumtolea mgonjwa damu?"

"Naogopa sindano." Alitazama pembeni. "Ng'ombe namwangusha peke yangu, lakini sindano naogopa. Ila leo niko tayari. Nipimwe pale sokoni, juu ya gogo langu la nyama, watu waone."

"Hilo tutaliongea. Nani alikuwa wa kwanza kuacha kununua kwako?"

Mabula alisita. "Sitaki kuleta ugomvi wa ujirani."

"Sema."

"Mama Nyanjige. Wa kwako pale."

*

Chumba cha Kasha kilikuwa mwisho wa korido, na mlango wake ulikuwa na makufuli mawili. Milembe alianza na mlango. Alipitisha kidole kwenye bawaba, akakagua skrubu moja moja kama kuna iliyokwaruzwa. Akaenda dirishani, akazitikisa nondo. Akapanda kwenye stuli akaufuata waya wa jua kwa mkono mpaka pale ulipotobolea dari, akarudi chini na vumbi la popo kwenye nywele. Hakukuwa na kilichoguswa.

"Hili likiondolewa, Afande," Daktari Deogratias alisema, "hakuna mtu wa Bariadi atakayekuja kupimwa tena. Wala wa Maswa. Wala wa Meatu. Watakufa nyumbani, kimya kimya."

Nesi Winnie alisimama karibu na ukuta, mikono kifuani. Alikuwa mke wa Joakim fundi baiskeli, mama mpole, na alikuwa akiimba sauti ya pili kanisani.

"Daktari, lifungue peke yako," Milembe alisema.

Daktari alisogea, akasema neno lake chini chini. Kasha likajibu, "Nasikia mmoja. Sifunguki."

"Nesi, nawe jaribu."

"Nasikia mmoja. Sifunguki."

"Vizuri. Sasa, nesi, sogea ulitajie mtu tunayemuulizia."

Winnie alimtazama daktari. "Daktari ataje."

"Nimekuomba wewe."

"Yule wa nyama," Winnie alisema.

"Kasha linamjuaje 'wa nyama'? Lipe jina."

"Afande, nakuomba. Daktari ataje."

Jasho lilikuwa limemtoka Winnie juu ya mdomo, na chumba kile kilikuwa na ubaridi. Milembe aliona. Mtu aliyemwumiza mwenzake mara nyingi hushindwa kulitamka jina lake. Hilo alilijua kwa kazi yake ya miaka. Alilishika, akasogea mwenyewe.

"Unazo habari za Mabula, mwana wa Mashimba, mwenye bucha?"

"Sijibu," likasema Kasha.

"Sikuulizi majibu yake. Niambie hayumo tu, niende zangu."

"Sijibu. Nikikwambia huyu hayumo, kesho utaniuliza wa pili, keshokutwa wa tatu. Siku nitakayonyamaza, utakuwa umemjua niliyemnyamazia. Kwa hiyo nanyamaza kwa wote, aliyemo na asiyekuwemo."

Milembe alilitazama lile sanduku kwa muda, kama anavyotazamwa shahidi aliyejibu vizuri kuliko ilivyotegemewa.

"Na habari zako wewe mwenyewe?"

"Zangu najibu."

"Umewahi kufunguliwa na mwingine zaidi ya hawa wawili?"

"Sijafunguliwa."

"Kuna aliyejaribu?"

"Mtu mmoja aliniamkia kutoka dirishani kwa lugha nisiyoijua. Nilimwambia sijibu. Akanitukana, nadhani, akaenda."

Daktari alikohoa kuficha kicheko. Winnie hakucheka.

Nje ya mlango Milembe alimweleza daktari ombi la Mabula la kupimwa hadharani. Daktari alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Akitaka kupimwa, aje kama wengine, apewe majibu yake sikioni. Tukimtangaza mmoja kwamba ni mzima, kesho kila anayesingiziwa ataburutwa hapa atangazwe. Na atakayekataa kutangazwa, Afande, watu watasema nini?"

"Watasema ndiye."

"Basi."

Milembe alimgeukia Winnie. "Nesi, jina la yule kijana lina miiba?"

Winnie alitazama sakafu. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Nina wagonjwa, Afande," akasema, akaenda, na viatu vyake vyeupe havikufanya kelele.

*

Nyanjige alikuwa uani kwake akianika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande, juu ya mkeka. Alimwona Milembe akija, akaanza kuvipanga upya vipande vilivyokwisha kupangwa.

"Jirani, leo mchana kweupe? Umefukuzwa kazi?"

"Bado. Nyama siku hizi unanunua wapi?"

"Mbona swali la kipolisi hilo? Soko huria, mama. Kila mtu ananunua anakotaka."

"Kwa Mabula umeacha."

"Nimeacha. Kuacha ni kosa?"

"Ulimwambia nani kwamba ana mdudu?"

Nyanjige alinyoosha mgongo. "Mimi? Naapa kwa jina la Mungu, Milembe, kinywa changu hakijatamka. Mimi nilipita tu pale buchani bila kusimama."

"Ukiwa na kikapu?"

"Na kikapu."

"Kitupu?"

Nyanjige aligeuza kipande kimoja, akakigeuza tena.

"Wanawake wote wa mtaa wanajua wewe hupiti kwa Mabula siku ya gulio na kikapu kitupu. Ulisema, jirani. Ulisema kwa miguu." Milembe alichuchumaa, akamsaidia kupanga michembe. "Mimi nataka kujua wewe ulisikia wapi."

"Kwenye jumuiya. Kwenye sala."

"Nani alimtaja?"

"Hakuna aliyemtaja." Nyanjige alishusha sauti. "Ndiyo maana tulijua."

Milembe alisimamisha mkono. "Rudia."

"Sirudii. Yaliyosemwa kwenye sala hayatoki nje, Milembe. Sisi hatuko hivyo. Kamwulize Mama Generoza, ndiye mwenyekiti wetu."

"Hayatoki nje," Milembe alisema, akasimama akipangusa magoti.

Nyanjige aliinamia mkeka wake, na shingo yake ikawa kama ya mtu aliyebebeshwa kuni.

*

Generoza alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye rozari shingoni, akipepeta choroko barazani.

"Tumsifu Yesu Kristo," Milembe alimsalimia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa wa kanisa jingine.

"Milele amina. Karibu, mwanangu. Umekuja kuokoka huku?"

"Nimekuja kuchukua sala aliyoomba Winnie. Neno kwa neno."

Ungo ulisimama. "Sala haipelekwi polisi."

"Imeshakwenda sokoni, mayu. Polisi ni karibu zaidi."

Generoza aliuweka ungo chini. Alipoanza kusema alifumba macho, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope.

"Tulikuwa tumefika kwenye nia. Kila mmoja anaomba lake, wote tunaitika. Winnie akaomba: 'Bwana, namleta kwako ndugu yetu mmoja ambaye siwezi kumtaja jina. Anabeba ugonjwa huu peke yake, hata wa nyumbani kwake hajawaambia. Mpe nguvu.' Tukaitika, Ee Bwana, utusikie."

"Halafu?"

"Halafu Nyanjige akaombea mvua."

"Na Mabula aliingiaje humo?"

"Mwanangu, wewe umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na kwenu ulikoolewa, kuna jina usilolitamka?"

Lilikuwepo. Tangu siku alipopokewa mlangoni kwa mama mkwe hajalitamka jina la baba wa mume wake, wala hatalitamka. Na kwa kuwa jina hilo lilikuwa pia jina la mtama wa aina fulani, Milembe aliuita mtama ule "ule mwekundu" hata mbele ya wauza mbegu.

Alisimama akiwa hajaombwa kusimama. "Mama Generoza. Baba mkwe wa Winnie aliitwa nani?"

"Mimi sitaji marehemu wa watu bure. Kamwulize mwenyewe." Kisha, baada ya kuuchukua ungo na kuuweka tena: "Sisi hatukuwa na nia mbaya. Tulitaka tu kujua tunamwombea nani."

*

Alimkuta Winnie nyuma ya wodi, anatandaza mashuka kwenye kamba. Milembe alishika ncha ya shuka moja, wakalinyoosha pamoja kama wanawake wawili wa nyumba moja.

"Winnie, baba yake Joakim alizaliwa wakati gani wa mwaka?"

Mikono ya Winnie ilitulia juu ya kamba. "Wakati maji yanatoka juu."

"Mvua."

"Kwa Kiswahili."

"Na kwa Kisukuma husemi."

"Sisemi."

"Mbula," Milembe alisema. "Na mtoto wa kiume anayezaliwa mbula ikinyesha wanamwita Mabula."

Winnie aliinamisha kichwa mbele ya jina lile, kama alivyozoea.

"Ndiyo maana kule chumbani hukuweza kumtaja. Nilidhani ni dhambi inakukaba, kumbe ni ukwe." Milembe alibana kibanio cha mwisho. "Lakini kwenye sala hukuwa unazungumzia ukwe."

"Nilikuwa nazungumzia kiapo." Sauti ilikuwa ndogo. "Afande, kuna mtu alikuja. Nilimpa majibu, akaondoka amesimama wima, akarudi nyumbani kwake kupika. Nilibeba jambo lile mpaka nikashindwa kula. Nikasema nimpelekee Mungu, Mungu si mtu wa kutangaza. Sikutaja jina, wala mtaa, wala mwanamke au mwanamume."

"Ulisema kwa Kiswahili cha hospitali. Wao wakakisikia kwa Kisukuma cha nyumbani. Wakajiuliza, Winnie mke wa Joakim hawezi kumtaja nani hapa mjini? Wakapata jibu kabla hawajafika Amina."

"Jibu silo..." Winnie alijishika mdomo.

"Umefanya vyema kunyamaza. Mimi sikusikia. Ulijua lini kwamba wamekuelewa vibaya?"

Winnie alichukua shuka jingine kwenye beseni, akalikamua ingawa lilikuwa limekwisha kukamuliwa. "Siku ile ile Nyanjige alipopita buchani bila kusimama. Nilikuwa nyuma yake."

"Ukanyamaza."

"Nikasema, nikikanusha nitakuwa nimelifungua Kasha. Nikajificha nyuma ya kiapo. Nikaongeza kusali."

"Na wewe nyama ulinunua wapi baada ya hapo?"

Hapo Winnie ndipo alipolia, bila sauti, uso wake ukiwa umegeukia shuka. "Kwa mwingine," akasema. "Niliona haya kumtazama. Nami nilipita na kikapu, Afande. Nami nilipita."

Upepo ulizipiga nguo. Milembe hakumshika bega wala hakumpa neno la faraja. Kazi ilikuwa bado.

"Lori linaondoka jioni hii. Mzee Shigela, baba yake Martha, yuko kwa Mabula anafunga vyombo. Nitamwita yeye na binti yake kwa Mama Generoza, pamoja na wanawake wa jumuiya. Utakuja."

"Siwezi kusema si yeye."

"Sikuombi hilo. Utasema ulichokisema, si unachokijua."

*

Mzee Shigela aliingia akiwa na fimbo na koti, mzee wa ng'ombe kutoka Kimali, asiyependa kungojeshwa na wanawake. Martha alimfuata, mtoto mgongoni, akaketi chini karibu na mlango bila kumtazama mtu. Mabula hakuja. "Nije kufanya nini?" alikuwa amemjibu Milembe. "Kuonyeshwa?" Alibaki buchani kwake na nyama yake.

Wanawake wa jumuiya walijaa sebuleni kwa Generoza, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mkeka. Walijua wameitiwa nini.

"Mwadila, baba," Milembe alimwamkia mzee.

"Mwadila. Lori linaningoja, sema upesi."

"Baba, nani alikwambia mkweo ni mgonjwa?"

"Niliambiwa na watu wa Mungu. Habari imetoka kwenye sala. Angekuwa mlevi ameniambia, nisingesafiri."

"Winnie," Milembe alisema.

Winnie alisimama katikati ya chumba. Alikuwa bado na sare yake. "Wazazi wangu, na ninyi mama zangu. Niliomba nikasema siwezi kumtaja mtu jina. Mlidhani ni kwa sababu ya heshima ya baba yangu wa ukweni. Haikuwa hivyo. Mimi hospitalini nimeapa, na kwa kiapo kile hakuna hata mmoja ninayeweza kumtaja, awe na jina hilo au lolote. Maneno yangu hayakumwonyesha mtu. Mlikisia. Nami niliona mnakisia nikanyamaza. Nanyi mkajulishana kwa kupita na vikapu, nami nikapita na kikapu. Naomba mnisamehe, ingawa si ninyi niliowakosea."

Generoza alikuwa ameshika rozari yake lakini vidole havikusogea. Nyanjige alijifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Hebu nielewe," Mzee Shigela alisema polepole. "Mmekisia?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nimetoka Kimali juu ya pamba ya watu, nimemnyang'anya mtu mkewe mbele ya majirani zake, kwa kuwa ninyi mlikisia?"

"Tulikuwa tunamwombea, baba," mmoja alisema kutoka kwenye mkeka.

"Mlikuwa mnamla." Alimgeukia Winnie. "Haya. Kwa hiyo si yeye?"

"Sijibu, baba."

"Hujibu? Mbona ni neno moja? Ndiyo, hapana."

"Sijibu kwa huyo, wala kwa mwingine yeyote."

"Basi ni nani?" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Maana yupo! Umesema mwenyewe unamwombea mtu. Mtu huyo yupo Bariadi, anakula, anasalimia watu. Ni nani?"

Macho yalianza kutembea. Milembe aliyaona yakitoka uso kwenda uso, yakipita juu ya makochi na mkeka, na chumba kikawa kidogo. Mwanamke aliyekaa karibu na dirisha akasema haraka, "Mimi jamani nilipima, niko salama."

"Hata mimi," mwingine akadakia. "Mimi na baba Doto, wote. Tulipewa majibu pamoja."

"Mimi nilipima zamani, nilipokuwa na mimba ya..."

"Nyamazeni!"

Hawakuwahi kumsikia Milembe akipaza sauti. Hata mtoto mgongoni kwa Martha aliamka.

"Asiseme mtu tena. Mnajua mnachofanya? Mnazunguka chumba. Huyu si mimi, huyu si mimi, mpaka mtafika kwa mtu ambaye hatasema. Iwe ana haya tu, iwe hajapima, iwe ni mzima lakini hapendi kuulizwa, mtatoka hapa mmempata wa pili. Lile sanduku la chuma limekataa kufanya hivyo. Lenyewe halina hata roho."

Alisema hivyo akitazama saruji ya sakafu, maana alijua kwamba macho ya mpelelezi yakitua mahali, watu huyafuata.

Yule wa dirishani alianza kulia kwa aibu. Generoza alipiga magoti pale pale alipokuwa, kwa shida, akishika mkono wa kochi, na wengine wakashuka mmoja mmoja, lakini hakuna aliyethubutu kuanzisha sala. Walibaki wamepiga magoti bila neno. Hawakujua tena ni neno gani lililo salama.

Mzee Shigela alikaa. Alikuwa amevua kofia, anaigeuza mikononi. Alipozungumza tena, ukali ulikuwa umepungua, lakini hakuwa ameachia.

"Afande, mimi ni mzazi. Nimesikia hawa wamekosea, na wameona haya, na mimi nimeona haya. Lakini hakuna aliyeniambia mkwe wangu ni mzima. Daktari hasemi. Nesi hasemi. Sanduku halisemi. Nimrudishe mwanangu kwa neno la nani?"

Milembe alichuchumaa mbele yake. "Huo ndio ukweli, baba. Hakuna atakayekwambia. Kama ambavyo hakuna ambaye angekwambia habari za kijana mwingine yeyote siku ile ulipomwozesha."

"Basi bila neno, mwanangu anapanda lori." Alivaa kofia. "Martha. Inuka tuwahi."

Martha aliinuka. Alimshusha mtoto, akakaza kanga upya, akamrudisha mgongoni na kufunga fundo mbele ya kifua, taratibu, wanawake wote wakimtazama kutoka magotini. Alimsogelea baba yake, akapiga goti mbele yake kama binti anayeaga. Mzee aliunyoosha mkono wake kumwinua, akidhani wanaondoka pamoja.

Nje, dereva wa lori alikuwa anapiga honi upande wa kiwanda cha pamba. Martha alipita mlangoni, akashuka ngazi, akaelekea upande wa sokoni, kwenye bucha ya mumewe, na hakumwambia mtu neno.